Septimus Anaambiwa Apumzike

Mwaka juzi nilitumwa kuripoti ajali ya basi. Habari nikaiandika, mhariri akaipitisha, kesho yake ikatoka. Ajali yenyewe ndiyo haikunitoka. Kila ikifika saa tisa usiku nilikuwa macho kodo, namsikiliza mlinzi wa jirani akikohoa. Kila mtu alikuwa na dawa ile ile: "Pumzika bwana." Nikachukua likizo, nikapumzika. Usingizi haukuja.

Katika mikesha hiyo nikarudia kusoma Mrs Dalloway, riwaya ya Virginia Woolf ya mwaka 1925. Chuoni tuliisoma kama hadithi ya mama wa kitajiri anayeandaa karamu London, siku moja ya Juni 1923. Safari hii Clarissa na maua yake nilimpita haraka haraka. Nilikuwa namtafuta Septimus Warren Smith.

Septimus amepigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Rafiki yake Evans aliuawa Italia vita vikikaribia kwisha, naye akajipongeza kwamba hakuumia moyoni. Miaka mitano baadaye, Evans anamtokea bustanini mchana kweupe. Mkewe Rezia, fundi kofia kutoka Milan, anamwita Dk. Holmes. Daktari anapima, haoni ugonjwa. Kichwa kuuma, kukosa usingizi, hofu, ndoto: yote anayapuuza kuwa ni mambo ya mishipa ya fahamu tu. Anashauri vidonge wakati wa kulala. Bingwa, Sir William Bradshaw, yeye anakubali kwamba mtu anaumwa, ila dawa yake ni kumtenga: kitanda, upweke, ukimya, bila marafiki wala vitabu. Woolf hakuwa anabuni hapa. Yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa tiba ya namna hiyo.

Hapa ndipo kitabu kiliponishika. Aliyepatwa na kiwewe mwili wake unaendelea kulinda lindo hata mlango ukiwa na komeo. Kulala ni kuacha lindo, na hathubutu. Ukimfungia peke yake, umemfungia pamoja na kile anachokikimbia.

Sasa tazama saa ya mwisho ya Septimus. Rezia anatengeneza kofia ya Mrs Peters. Septimus anachagua utepe na maua, mkewe anashona, wanacheka kama zamani. Anajisikia mwenye furaha, amechoka, anafumba macho. Anazinduka, Rezia ametoka kidogo, na hofu imerudi yote. Yaani kurasa chache za kofia zinaeleza mapumziko kuliko madaktari wote wawili. Muda si mrefu Holmes anapanda ngazi, Septimus anajirusha dirishani. Halafu Holmes anampa Rezia kitu kitamu anywe na kusema aachwe alale. Aliyefanikiwa kumlaza ni mjane.

Nina ugomvi mmoja na Woolf: usiku wa Rezia ametuonyesha kidogo mno. Anayeishi na mtu asiyelala naye halali. Dada yangu, niliyekuwa nakaa naye, alikuja kuniambia kwamba kila usiku alisikia kitasa changu na kubaki macho mpaka alfajiri. Sikuwa najua.

Nikipita Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo hivyo, huwa nawaza: waliorudi, nani aliwauliza wanalalaje? Septimus angalau aliulizwa, akajibiwa vibaya.

Riwaya haitibu, tusidanganyane. Mimi nilikwenda kwa mshauri nasaha, nikaisimulia ajali mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa. Nilifundishwa kuamka saa ile ile kila siku, hata kama nimelala saa mbili tu, na kutoka kitandani usingizi ukigoma badala ya kugaagaa. Kulisaidia, polepole.

Lakini usiku wa kwanza niliolala vizuri ulikuwa kabla ya hayo. Dada alitoka chumbani, akaniona sebuleni, hakuniambia nipumzike. Akaleta ungo na mchele, tukachambua huku akinisengenyea majirani. Nilisinzia kwenye kochi. Nilipozinduka alfajiri bado alikuwepo, amelala ameketi, ungo mapajani.