Mipira Ile ya Tenisi Ilitulenga Sisi

Februari 2024, mechi za Ujerumani zilikuwa zinasimama karibu kila wikendi. Mashabiki walirusha mipira ya tenisi kutoka jukwaani, mingi mno, wachezaji wakawa wanaiokota kama watoto wa shule waliopewa adhabu, refa anaangalia saa. Kabla ya hapo walikuwa wamerusha sarafu za chokoleti. Kwingine vigari vya kuchezea vya rimoti vikaingia uwanjani vikitoa moshi. Watangazaji walituambia haya ni maandamano, halafu wakangoja mchezo urudi. Hawakutuambia wanaandamania nini hasa.

Ukweli ni kwamba walikuwa wanaandamana kwa sababu yetu.

Desemba 2023 klabu 36 za ligi mbili za juu zilipiga kura kuhusu mpango wa kumkaribisha mwekezaji. Klabu 24 zikakubali, ambayo ndiyo theluthi mbili kamili iliyohitajika. Mwekezaji angetoa takriban euro bilioni 1, naye apate hadi asilimia 8 ya mapato ya haki za matangazo kwa miaka 20. Sehemu kubwa ya pesa hizo ingeenda kwa mambo ya kidijitali na kuiuza ligi ng'ambo. Ng'ambo ni wapi? Ni huku. Ni kwa msee aliye na dishi, au na simu iliyopasuka kioo na bando la saa moja. Mashabiki wa Ujerumani walisema mpira wao hautapangwa kumfurahisha mtu wa televisheni. Tarehe 21 Februari 2024 ligi ikasalimu amri, mpango ukatupwa.

Nimesoma makala nyingi zinazosifu ushindi huo, na nyingi zina haki. Lakini zote zinasimulia kutoka jukwaani. Mimi nataka kuisoma ligi hii jinsi tunavyosoma hadithi yoyote: nani anasimulia, nani anasimuliwa, na nani amesimama nje ya mlango akisikiliza.

Aliyesimama nje ya mlango ninamjua. Anaendesha boda Chepilat, kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii, pale ambapo ukivuka upande mmoja uko Bomet na upande mwingine uko Nyamira. Jezi yake ni ya mtumba, njano iliyofifia ikawa rangi ya maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Kwa stendi wanamwita BVB. Katika mji ambao karibu kila mtu ni Arsenal, Man U au Chelsea, yeye alichagua Borussia Dortmund, na ukimuuliza kwa nini anakujibu kwa swali: "Buda, wewe ulichagua mamako?"

Shida yake ya kwanza ni saa, wala si umbali. Mechi za Jumamosi za Ujerumani huanza nusu saa kabla ya zile za Uingereza. Wakati wa baridi kwao, Dortmund huingia saa kumi na moja na nusu ya kwetu, na Uingereza saa kumi na mbili. Sasa fikiria chumba cha kuonyesha mpira chenye skrini moja, kiingilio mbao. Mwenye chumba anamwekea BVB mechi yake kwa sababu kwa wakati huo hakuna kingine. Watu wanaanza kujaa. Ikifika saa kumi na mbili, rimoti inafanya kazi yake na Dortmund inapotea dakika ya thelathini.

Kwa hivyo huyu ni msomaji wa sura za kwanza. Anajua jinsi timu yake inavyoanza mechi kuliko mtu yeyote katika kaunti hizo mbili. Miisho huipata kwa simu, namba mbili zenye kistari katikati, huku kila mtu ndani anapigia kelele mpira mwingine. Wale wanaosema shabiki wa televisheni ni mvivu, anakaa tu na kubonyeza, waje wamwone akifuata nusu ya pili kwa kuhesabu vibao vya simu.

Ndiyo maana Mei 27, 2023 ilikuwa siku ya pekee. Ligi ya Uingereza ilikuwa inamalizika kesho yake, Jumapili, kwa hivyo skrini ilikuwa huru. Dortmund walikuwa wanaongoza kwa pointi 2 dhidi ya Bayern. Wakiishinda Mainz nyumbani, wao ni mabingwa. BVB angeona dakika zote tisini.

Alichoona ni hiki. Dakika ya 15 Mainz wakafunga. Muda mfupi baadaye Dortmund wakapata penalti, akaipiga Sébastien Haller, mtu aliyekuwa amerudi uwanjani mwaka huo huo baada ya kutibiwa saratani. Kipa akaiokoa. Dakika ya 24, Mainz wakafunga tena. Raphaël Guerreiro akarudisha moja dakika ya 69. Halafu ikaja sehemu ambayo mwandishi wa riwaya angeambiwa na mhariri wake aifute kwa kuwa haiaminiki: dakika ya 81, kule Köln, wenyeji wakasawazisha dhidi ya Bayern, na Dortmund, waliokuwa wanapigwa nyumbani kwao, wakawa mabingwa. Wakabaki hivyo dakika nane hivi. Dakika ya 89 Jamal Musiala akaifungia Bayern. Niklas Süle akaisawazishia Dortmund dakika za nyongeza, 2-2, lakini haikusaidia. Pointi zilikuwa sawa, 71 kwa 71, na tofauti ya mabao ikampa Bayern taji.

Kama hadithi, mechi hii ni nzuri kuliko karibu kila kitu nilichosoma mwaka ule. Uzuri wake hautoki kwenye kushindwa tu, maana timu hushindwa kila siku. Unatoka kwenye zile dakika nane. Dortmund walipewa walichotaka wakati hawakistahili, halafu kikachukuliwa kabla hawajajua wakishike vipi. Baada ya filimbi kocha Edin Terzić alisimama mbele ya jukwaa la kusini akilia, na jukwaa likamwimbia. Jukwaa hilo hubeba watu karibu 25,000 wakiwa wamesimama, na wanaliita Ukuta wa Njano. Mtangazaji akanyamaza. Kwa mara moja televisheni ilifanya kazi yake vizuri kabisa: ilikaa kimya ikatuacha tuangalie.

Lakini mkosoaji hawezi kuishia kwenye machozi. Dortmund wana kauli yao ya biashara inayomaanisha mapenzi ya kweli, na hiyo kauli lazima isomwe kwa jicho kali. Wanajitangaza kama timu ya watu wa kazi, wana wa makaa ya mawe na chuma. Ndiyo, mji wao ulijengwa na hivyo. Lakini hii ndiyo klabu ya Ujerumani iliyoingia soko la hisa mwaka 2000, na kufikia Machi 2005 ilikuwa imebakisha hatua moja kufilisika. Kabla ya hapo Bayern, wale wale adui, walikuwa wamewakopesha euro milioni 2. Na mwishoni mwa Mei 2024, siku chache kabla ya fainali ya Ulaya waliyopigwa 2-0 na Real Madrid kule Wembley, walitangaza mdhamini mpya: Rheinmetall, kampuni ya kutengeneza silaha. Mapenzi ya kweli, sawa, lakini risiti iko.

Hata Ukuta wenyewe si ukuta wa watakatifu. Februari 2017 RB Leipzig walipokuja Dortmund, mashabiki wao walirushiwa mawe na chupa, na kulikuwa na watoto kati yao. Dortmund wakatozwa faini ya euro 100,000 na jukwaa la kusini likafungwa mechi moja. Chuki hiyo ina sababu yake. Ujerumani kuna kanuni ya 50+1: wanachama wa klabu lazima washike nusu ya kura na kura moja zaidi, tajiri asije akanunua kila kitu. Leipzig, timu ya kampuni ya kinywaji, imeitii kanuni hiyo kwa herufi tu, wanachama wenye kura ni wachache sana. Kwa shabiki wa Dortmund, Leipzig ni duka lililovaa jezi.

Hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapata kizunguzungu. Kwa sababu mchezaji aliyekaa Leipzig zaidi ya miaka kumi, tangu 2013 wakiwa daraja la tatu mpaka wakabeba Kombe la Ujerumani 2022 na 2023, ni Yussuf Poulsen, ambaye baba yake alikuwa Mtanzania. Baba huyo alifariki Yussuf akiwa na miaka sita, na kwenye Kombe la Dunia la 2018 mwana alivaa jina la baba mgongoni: Yurary. Na Divock Origi, mwana wa Mike Okoth wetu wa Harambee Stars, alienda wapi Ujerumani msimu wa 2017-18? Wolfsburg, timu ya kiwanda cha magari. Damu yetu ilipoingia Bundesliga, mlango uliofunguka ni ule ambao jukwaa linautukana. Sisemi jukwaa lina makosa. Nasema ukiwa mbali, usafi wa klabu ni anasa ambayo huwezi kuimudu kirahisi.

Na kuhusu 50+1 yenyewe, watu wa Chepilat hawahitaji kufundishwa na Mjerumani. Hapa mkulima mdogo wa chai ana hisa kwenye kiwanda anachopelekea majani, iwe Nyansiongo au Mogogosiek. Anachagua wakurugenzi. Kwa karatasi ni mwenye mali. Halafu chai inaenda mnada wa Mombasa, bei inaamuliwa huko, na bonasi ikija anajua uzito halisi wa kura yake. Kwa hivyo BVB aliponisikia nikisifu ile kanuni, alicheka: "Hata mamangu ni mwanahisa. Muulize kama anapanga bei." Katika yote niliyosoma kuhusu 50+1, sijakutana na hoja fupi kama hiyo. Kumiliki ni jambo moja, kuamua ni lingine. Mashabiki wa Ujerumani walishinda 2024 kwa sababu walikuwa na kitu cha kusimamisha, yaani mechi yenyewe. Kura peke yake ilikuwa imeshapigwa na wakashindwa.

Kulikuwa na wakati mmoja ambapo tulikuwa sawa. Mei 16, 2020, Bundesliga ilirudi kabla ya ligi nyingine kubwa za Ulaya, viwanja vitupu kwa sababu ya korona. Dortmund 4, Schalke 0, Erling Haaland akafungua, na wachezaji wakaenda kuushangilia Ukuta usio na mtu. Kwetu mechi ilianza saa kumi na nusu, kafyu ilikuwa saa moja, kwa hivyo ilimalizika bado kuna muda wa kufika nyumbani. Vyumba vya mpira vilikuwa vimefungwa, watu wakarundikana kwa simu moja nyuma ya duka. Siku hiyo shabiki wa Dortmund mjini Dortmund alikuwa shabiki wa Chepilat: mbali, mbele ya skrini, bila sauti yake kusikika uwanjani. Ningetarajia uzoefu huo umwachie huruma kidogo kwa mtu wa televisheni. Sijaiona kwenye mabango yao.

Kwa nini haya yote ni muhimu kwa mtu wa boda? Kwa sababu Chepilat ni mpaka, na mpaka huu umewahi kuwaka moto. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi, hapa watu walijua kwa mkono ni upande gani wa barabara ni wako. Ndani ya chumba cha mpira unakaa kulingana na jezi. Mkipsigis na Mkisii wa Arsenal wanakaa pamoja wakimtukana Mkipsigis na Mkisii wa Man U. Sitaki kuipamba hali hii. Mpira haujaponya mtu, na filimbi ya mwisho ikilia kila mmoja anarudi upande wake. Mkeka nao umeingia, nusu ya walio ndani wanaangalia pesa zao wala si timu. Lakini BVB habetii Dortmund, anasema mtu habetii mgonjwa wake. Na yeye ndiye peke yake mle ndani asiye na kundi la kukaa nalo, kwa hivyo huwa anakaa popote. Dakika thelathini kila Jumamosi, ana jina ambalo halimuulizi ametoka upande gani.

Hilo ndilo waandamanaji wa Ujerumani hawakulisoma. Walidhani mtu wa televisheni ni mteja: anayelipa, anayebonyeza, anayetaka ratiba ibadilishwe kwa ajili yake. Mteja wa namna hiyo yupo, na wana haki ya kumkataa. Ila kuna mwingine ambaye hajawahi kuomba ratiba ibadilishwe, ambaye ratiba ndiyo imekuwa ikimnyima sura za mwisho miaka yote, na bado anarudi. Mwekezaji alitaka kumuuza mtu huyo bila kumjua. Jukwaa lilimkataa, nalo halikumjua. Mimi nakubali mpango ule ulistahili kufa. Sikubali kwamba aliyekuwa akiuzwa hana lolote la kusema kuhusu mauzo hayo.