Durga, Mbogo na Nywele Zilizosukwa

Wahakiki wenzangu hupenda kumgawa mhusika wa kike mafungu mawili: mama mpole au jikedume. Napinga, na ushahidi wangu ni Mahishasuramardini Stotra, wimbo wa Kisanskriti wa kumsifu Durga, mungu wa kike wa Wahindu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mahisha, zimwi lenye umbo la nyati, alikuwa amepewa baraka kwamba mwanamume hatamwua. Akaishinda miungu, ikabidi nguvu zao ziungane katika Durga, naye akamwua. Sisi wa Ipole, kusini mwa Tabora, hatuhitaji kuelezwa mbogo aliyejeruhiwa ni kitu gani. Ukikutana naye porini unatafuta mti!

Lakini uzito wa wimbo haumo katika vita tu. Kila ubeti unaishia kwenye kiitikio kilekile, na humo sifa zimebanana: muuaji wa Mahisha, mwenye nywele nzuri zilizosukwa, binti wa mlima. Hakuna "ingawa" kati yake. Mtunzi haombi radhi kwa uzuri wala kwa damu. Takriri hiyo ndiyo hoja: ukali na ulinzi ni kitu kimoja.

Eti hii ni dini, si fasihi? Mbona Utendi wa Mwana Kupona, wenye dua ndani yake, tunausoma darasani? Wahindu wa nchi hii humchezea Durga garba usiku tisa wa Navaratri. Tukiuhakiki na wimbo wake, pengine tutaacha kumlazimisha mhusika wa kike achague fungu.