Neno la Simu ni Deni

Tarehe 22 Februari 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa andiko liitwalo «Kanisa na Intaneti». Lafundisha kwamba katika intaneti hakuna sakramenti, tena kwamba ibada ya humo haitoshi pasipo kukutana na waamini wenzetu. Mafundisho hayo ni sawa: Komunyo hailiwi kwa macho, wala kitubio hakifanywi kwa simu.

Lakini msomaji wa Ndosho asije akadhani kwamba yasemwayo kwa simu ni kivuli tu. Tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kutema moto, mitaa mingi ya Goma iliamriwa kuhama. Watu wakatawanyika, hawa Sake, hawa Bukavu, hawa Rwanda. Wako akina mama waliojua kwa simu tu kwamba watoto wao wa hai. Je, machozi yao ya furaha yalikuwa ya bure? Na mtu asambazaye uongo kwa simu wakati wa hatari, hofu anayowatia wenzake si ya kweli? Basi na dhambi yake ni ya kweli, yapasa kuungamwa.

Hapo andiko lingetueleza zaidi. Neno la mbali ni la kweli, ila ni deni. Mtume Yohane, katika waraka wake wa pili, aliandika kwa wino huku akitumaini kufika mwenyewe. Nasi tukimwandikia mgonjwa wa shirika letu «pole», tumekopa. Tulipe kwa miguu.