Jibu la Mhandisi Aliyeiva

Swali la usanifu wa mifumo katika mahojiano ya kazi huwa fupi: chora mfumo wa kulipa, wa kutuma ujumbe, wa kuita teksi. Anayejiandaa akiwa Lodwar ana mfano mzuri kuliko mingi iliyomo vitabuni, tena uko kilomita kama 120 tu kwa barabara. Mwaka 2015 Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulianzisha Bamba Chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma: sehemu ya mgao wa chakula ikawa fedha kwenye laini ya Safaricom, za kutumika kwa wafanyabiashara waliosajiliwa pekee.

Mwambie mtu asanifu mfumo huo, kisha tazama anaanzia wapi. Akikimbilia kuchora seva kumi na kache kabla hajauliza lolote, bado ni mbichi. Aliyeiva huuliza, kisha hupiga hesabu. Tuseme kaya 60,000 zinanunua siku moja, kwa saa 10: hiyo ni chini ya miamala 2 kwa sekunde. Hata nusu ya kaya hizo zikibanana saa ya kwanza, haifiki 9. Hifadhidata moja na nyingine ya akiba zinatosha. Napenda sana jibu linalothubutu kuwa dogo.

Lakini ubora hasa hujulikana pale netiweki inapokatika. Mama amepimiwa unga na mafuta, amebonyeza simu, fedha zimetoka, ujumbe haujarudi. Anabonyeza tena. Je, atakatwa mara mbili? Jibu hafifu husema mfumo utajaribu upya, basi. Jibu zuri huupa kila ununuzi namba yake, inayoundwa kwenye simu kabla ombi halijaondoka. Seva ikiiona namba ileile mara ya pili haikati, inarudisha jibu la kwanza. Tena namba hiyo iandikwe pamoja na makato, kwa pigo moja, la sivyo mwanya unabaki.

Halafu muulize: netiweki ikipotea kutwa nzima, duka liuze au lifunge? Likiuza, salio moja laweza kutumika maduka mawili. Likifunga, kuna watakaolala njaa. Ninayemthamini huchagua, hutaja kiwango cha juu cha kuuza bila mtandao, na husema hasara itabebwa na nani.

Kwa mazoezi, tafuta karatasi na rafiki wa kukufutia mshale mmoja mmoja kwenye mchoro wako. Kila anapofuta, mweleze mama ataona nini kwenye simu yake, na mwenye duka ataona nini kwenye hesabu zake za jioni.