Barua za Krapf: Machozi ni ya kweli, ila tumtazame aliyeandikiwa

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea pendekezo la tasnifu. Ati anataka kuzisoma barua za mmisionari Johann Ludwig Krapf kama ushahidi wa moyo uliovunjika. Nikamwambia moyo ulivunjika kweli, lakini barua si moyo.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na umri wa miaka 34. Julai mwaka huo huo, homa ilimuua mkewe, Rosine, siku chache tu baada ya kujifungua. Kitoto nacho kikafuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kisha mgane huyu akawaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi ya injili imeanza katika pwani hii.

Hapo ndipo mhakiki anapaswa kutua. Mbona kilio kigeuke mwito? Jibu limo katika anwani. Krapf alikuwa Mjerumani; London hakukuwa kwao. Alikiandikia chama kilichomtuma, Church Missionary Society, ambacho kilichapisha barua za wamisionari wake ili waumini wasome, waombe na wachange. Sisemi Krapf alijifanya, la hasha! Nasema majonzi yake yalivalishwa sare ya kazi kabla ya kupandishwa merikebu.

Na kuna jambo jingine. Mwaka huo huo Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hebu fikiria: Mkristo aliyefiwa na mwanazuoni wa Kiislamu wameketi pamoja, wakipima maneno. Kadhi anatajwa, naam, lakini kama msaidizi tu. Alimwonaje mgeni wake? Alimpa pole kwa maneno gani? Barua ya kadhi hatuna, na wahenga walisema msema pweke hakosi.

Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Tunaisifu, na inastahili sifa. Ila kila neno mle lilitoka kinywani mwa mtu ambaye hakuandika barua London.

Mwanafunzi wangu amerudi kulisuka upya pendekezo lake. Namsubiri.