Tusi, Tasfida na Chujio la Maneno

Suala la matusi katika Kiswahili limezoewa kuachiwa walimu wa adabu. Siku hizi limeangukia mikononi mwa mashine. Ofisi nyingi huweka katika kompyuta zao chujio, yaani programu isomayo barua na mazungumzo ya wafanyakazi na kuzuia kila andiko lenye neno lililomo katika orodha ya maneno machafu. Nia yenyewe haina lawama, kwani mfanyakazi ana haki ya kutotukanwa kazini. Linalostahili kuhakikiwa ni nadharia ya lugha iliyojificha nyuma ya orodha hiyo: kwamba tusi ni mfuatano wa herufi.

Udhaifu wa nadharia hiyo ulidhihirika mapema huko Uingereza. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe walishindwa kujiandikisha katika huduma ya AOL, kwa sababu herufi ya 2 hadi ya 5 za jina la mji wao huunda tusi la Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili yu katika hatari kubwa zaidi. Chujio la Kiingereza litafutalo herufi popote zilipo litashuku maneno shitaki, mashitaka na mshitakiwa, kwani ndani yake mna neno la Kiingereza la kinyesi. Karani wa mahakama ataonekana mtukanaji kwa kuandika habari za kazi yake. Orodha ya Kiswahili nayo haisalimiki. Herufi 4 za kwanza za kumaliza na kumaanisha ndizo zile zile za neno ambalo waungwana hawalitamki. Msomaji hasikii tusi hapo, maana anajua kwamba ku- ni kiambishi na kwamba mzizi unaanzia baada yake. Chujio halijui.

Huenda ikajibiwa kwamba dawa ni kutafuta neno zima pekee. Jibu hilo halitoshi katika lugha ambishi. Kitenzi cha matusi, kama kitenzi kingine chochote cha Kiswahili, huvaa viambishi vya nafsi, njeo na mtendwa, kisha hunyambuliwa. Sura iliyo katika orodha ni moja tu kati ya nyingi. Basi chujio lisilojua mofolojia lina njia mbili: kuwafunga wasio na hatia, au kuwaachilia wenye hatia.

Hata mofolojia ikizingatiwa, swali la matumizi linabaki. Punda katika taarifa ya daktari wa mifugo ni mnyama. Punda aambiwaye mtu ni tusi. J. L. Austin, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Kutukana nako ni tendo, na tendo halipimwi kwa herufi. Tena jamii iliyokuza tasfida kama kwenda haja na kujifungua ndiyo iliyokuza mafumbo ya taarabu na maandishi ya khanga, ambamo mtu huumbuliwa bila neno hata moja chafu. Mdogo kazini aweza kudhalilishwa na mkubwa wake kila siku kwa Kiswahili sanifu, na chujio lisishtuke.

Mfano mzito zaidi ni madoadoa. Katika kamusi ni alama za rangi. Katika siasa za Kenya limetumiwa kuwaita watu wageni katika makazi yao wenyewe, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Tume iliona hatari ya kweli. Hata hivyo mkulima aandikaye juu ya madoadoa ya majani hana kosa, na mchochezi akikatazwa neno hilo atapata jingine.

Kwa hiyo chujio lifanywe kengele, lisifanywe hakimu. Likilia, asikilize mtu ajuaye lugha, aulize nani kamwambia nani, na kwa nia gani. Na orodha zenyewe zisitungwe bila wanaisimu wa Kiswahili, la sivyo wasemaji wake watazidi kuhukumiwa kwa sarufi ya wengine.