Seli za ini juu ya sahani ngumu

Mayai ya kichocho yakikwama katika ini la mvuvi wa Kalemie, mwili huyazungushia kovu, na makovu yakizidi, mishipa hubanwa na damu hukosa njia. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo. Kovu lililokwisha kujengeka ni kazi nyingine. Dawa yake bado inatafutwa maabara, na hapo ndipo penye kasoro ya siku nyingi. Seli za ini zimezoeleka kufugwa juu ya sahani za polistirini, plastiki iliyo ngumu kuliko ini lenye afya kwa mara laki kadhaa. Zile zinazotengeneza kovu, zikilazwa hapo, huamka zenyewe na kuanza kutoa nyuzi. Dawa inajaribiwa juu ya ugonjwa ambao nusu yake imeletwa na chombo.

Ufumbuzi ulianzia kwenye jeli ya poliakrilamaidi. Ukiongeza kiungio kinachofunga minyororo yake, hukaza, ukipunguza, hulegea. Kwa kuwa seli haziishiki, uso wake hupakwa kolajeni. Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao huko Pennsylvania waliweka seli shina za uboho wa binadamu juu ya jeli hizo: penye ugumu wa kilopaskali 0.1 hadi 1 zilielekea kuwa za neva, 8 hadi 17 za misuli, 25 hadi 40 za mfupa, ilhali chakula chao ni kilekile. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, si namba hizo. Ni kwamba walipoizuia miosini, protini ambayo seli huitumia kuvuta, tofauti zilitoweka. Asiyeweza kuvuta hawezi kujua amekalia nini.

Mwaka 2012 Britta Trappmann na wenzake walipinga: kubadili kiungio hubadili pia vitundu vya jeli na namna kolajeni inavyofungwa, kwa hiyo huenda ugumu unasingiziwa. Pingamizi la haki kabisa. Mwaka 2014 kundi la Engler lilibadili vitundu bila kugusa ugumu, na seli hazikubadili mwelekeo. Hata hivyo jeli hiyo hurudi kama mpira, wakati nyama ya mwili hulegea polepole ikivutwa. Ndiyo maana kundi la David Mooney liligeukia aljineti, inayotokana na mwani wa kahawia, ambayo kulegea kwake hupangika.

Atasema mtu kwamba Kalemie inahitaji maji safi na vyoo kwanza. Kweli, kwa ambaye hajaambukizwa. Ambaye ini lake limekwisha kupata kovu anahitaji dawa iliyojaribiwa mahali panapofanana na ini, na ripoti ya jaribio lolote la namna hiyo ingepaswa kutaja seli zililazwa juu ya nini, na kwa kilopaskali ngapi.